Vitabu vya Sabato: Kuwachagulia Wavulana wa Kiyahudi Kitu cha Kusoma

Katika kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London nilikofanya kazi kwa miaka mingi nikiwa mkutubi wa sehemu ya watoto, wasomaji hawakumiminika Jumamosi kama ilivyo katika maktaba nyingi za jiji hilo, bali Alhamisi jioni na Ijumaa kabla ya adhuhuri. Jumamosi wengi wao walikuwa ndani ya Sabato, ambayo huingia Ijumaa kabla ya jua kutua na kutoka Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Katika muda huo familia ya Kiyahudi inayoshika sheria haiwashi taa wala televisheni, haishiki simu, na kishikwambi hubaki kabatini pamoja na michezo yake yote. Kinachombakia mvulana wa miaka 11, baada ya sala, chakula na nyimbo za mezani, ni marafiki zake, sataranji na kitabu cha karatasi. Mwezi wa Desemba Sabato huingia London kabla ya saa kumi alasiri, na usiku wake ni mrefu. Mwezi wa Juni hutoka baada ya saa nne usiku, na alasiri yake ni ndefu kiasi cha kuisumbua nyumba nzima ikiwa mtoto hana cha kusoma. Ndiyo maana akina mama walikuja na mifuko mikubwa, na ndiyo maana swali la kitabu gani apewe mvulana aliye karibu kubalehe lilikuwa kwangu swali la kila wiki, lenye uzito ambao sikuwahi kuuona mahali pengine.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na si Myahudi. Nililelewa katika nyumba ambamo kitabu kitakatifu hakiwekwi sakafuni wala hakishikwi ovyo, kwa hiyo sikushangaa nilipomwona mvulana akikibusu kitabu cha sala kilichomponyoka mkononi, wala niliposikia kwamba vitabu vyenye jina la Mungu vikichakaa huzikwa makaburini badala ya kutupwa. Lakini heshima hiyo haikunifundisha kumchagulia mtu kitabu cha kumfurahisha. Hilo nilijifunza kwa kuwauliza wazazi, kwa kuwasikiliza wavulana wenyewe, na kwa kusoma karibu kila kitabu nilichokipendekeza kabla ya kukitoa mkononi mwangu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nyumba za Kiyahudi hazifanani. Katika mtaa huohuo mmoja nilihudumia familia za Haredi, yaani washika dini wakali kuliko wote, ambazo hazina televisheni kabisa na ambazo hununua sehemu kubwa ya vitabu vya watoto wao kutoka kwa wachapishaji wa Kiorthodoksi, yaani wa Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, kama ArtScroll na Feldheim. Nilihudumia familia za Kiorthodoksi za Hendon ambazo mtoto wao alisoma Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, asubuhi na hadithi za upelelezi jioni. Walikuwapo pia wa Reform na wa Liberal, ambao kwao Uyahudi ni sikukuu, familia na historia zaidi ya sheria za kila saa, na zilikuwapo nyumba ambazo mzazi mmoja tu ni Myahudi na mtoto anasherehekea Hanuka kwa bibi mmoja na Krismasi kwa bibi mwingine. Kitabu kilichosomwa kwa furaha katika nyumba moja kingeweza kurudishwa kesho yake kutoka nyumba ya jirani, kwa adabu, kikiwa hakijafunguliwa.

Kwa sababu hiyo niliacha kukisia kwa kuangalia mavazi. Mzazi mwenye wigi na sketi ndefu aliweza kuwa mpenzi mkubwa wa hadithi za majoka, na mzazi mwenye suruali ya jinzi aliweza kuwa mkali kuhusu lugha chafu kuliko rabi. Nilizoea kuuliza waziwazi: "Mama, kuna vitabu ambavyo hampendi viingie nyumbani kwenu?" Sikuwahi kukutana na aliyeudhiwa na swali hilo. Baadhi walikataa uchawi. Wengine hawakujali uchawi lakini hawakutaka hadithi za miungu ya Wagiriki, kwa sababu kwao hiyo ni ibada ya sanamu hata ikichekesha. Wapo waliotaka kujua kama kuna mapenzi baina ya wavulana na wasichana, na wapo walioniomba nifungue vitabu vya sayansi na michezo kuona picha zake kwanza. Lakini pingamizi nililolisikia kutoka pande zote, kwa washika dini na wasioshika, lilihusu vitabu vya kuchekesha ambavyo shujaa wake anawafanya baba na mama kuwa wapumbavu ukurasa baada ya ukurasa. Mama mmoja alinieleza kwa maneno machache: "Mimi sihofii joka. Nahofia dharau." Kuwaheshimu wazazi ni mojawapo ya amri kumi, na mvulana anayeelekea miaka 13 yuko karibu kuhesabiwa mtu mzima mbele ya amri hizo. Nililiona pingamizi hilo kuwa la haki, na tangu hapo nikawa nasoma vitabu vya vichekesho nikiangalia nani anachekwa.

Mzazi akishaeleza mipaka ya nyumba yake, kazi inakuwa imefika nusu tu, kwa kuwa mzazi hasomi kitabu hicho. Anayekisoma ni mvulana aliyesimama kando akichezea zipu ya koti. Nilingoja mama aende kuwatafutia wadogo zake vitabu vya picha, kisha nikamgeukia. Sikumuuliza kama anapenda kusoma, maana kila mtoto aliyelelewa vizuri hujibu ndiyo. Nilimuuliza ni kitabu gani alichokimaliza bila kulazimishwa na mtu. Jibu lake lilikuwa la thamani kuliko orodha yoyote ya shule, hata lilipokuwa kitabu cha rekodi za dunia, kijitabu cha takwimu za wachezaji wa mpira au katuni aliyoisoma mara tisa.

Inafaa kukumbuka siku ya mvulana huyo inavyokuwa. Katika shule nyingi za Kiorthodoksi sehemu kubwa ya asubuhi ni masomo matakatifu, kwa Kiebrania na baadaye kwa Kiaramu cha Talmudi, vitabu vikubwa vya mijadala ya marabi kuhusu sheria. Kisha huja Kiingereza, hisabati na sayansi. Kisha kazi ya nyumbani. Akifika miaka 12 huongezewa maandalizi ya bar mitzvah, sherehe ya kutimiza miaka 13: mwalimu anakuja nyumbani, na mtoto anarudiarudia kwa mahadhi maalumu fungu la Torati atakalolisoma mbele ya sinagogi nzima, kutoka katika gombo lisilo na irabu wala alama za mahadhi. Macho yake yamefanya kazi ya maandishi tangu asubuhi, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Mtoto wa namna hii akichagua kitabu chenye sura fupi, herufi kubwa na picha, si mvivu. Nilikuwa nikiwaambia wazazi waliosononeka kwa sababu mtoto wao anasoma katuni kwamba kitabu cha Sabato si cha kumpima mtoto, na wengi walikubali. Kwa wavulana wenye disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma maandishi, ambao hupata taabu hiyo katika lugha mbili kwa wakati mmoja, msaada mkubwa niliupata kwa wachapishaji Barrington Stoke, walioanza Edinburgh mwaka 1998 na wanaochapisha hadithi fupi zenye herufi, nafasi na rangi ya karatasi iliyochaguliwa kwa ajili ya wasomaji wa aina hiyo, bila kuifanya hadithi yenyewe kuwa ya kitoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa zaidi katika kazi hiyo yote.

Alasiri moja mvulana wa miaka 11, mwembamba, mwenye kofia ndogo ya kufumwa iliyobanwa kwenye nywele kwa pini, alikuja peke yake kwenye meza yangu akaniambia: "Naomba kitabu chenye Wayahudi ambacho hakuna anayeuawa." Alisema bila hasira. Tulikwenda pamoja hadi kwenye rafu niliyokuwa nimeipanga mwenyewe, nikaitazama kwa macho yake. Vitabu vya hadithi vyenye watoto wa Kiyahudi vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikuwa vya miaka ya 1933 hadi 1945, zama za utawala wa Wanazi.

Hali hiyo ina sababu zake, na sababu hizo ni njema. Historia ya Maangamizi ya Wayahudi imo katika mtaala wa taifa wa Uingereza tangu 1991, na wanafunzi hufundishwa kati ya miaka 11 na 14. Walimu huhitaji hadithi za kuwasaidia, wachapishaji huzitoa, wakutubi huzinunua. Wayahudi milioni 6 waliuawa, na kati yao watoto wapatao milioni moja na nusu. Haiwezekani wala haifai kulinyamazia jambo hilo. Lakini mtoto asiye Myahudi anayesoma kitabu cha namna hiyo anajifunza kuhusu watu wengine, ilhali mvulana huyu wa kofia ndogo anasoma kuhusu kaka wa bibi yake. Analo jina la ndugu huyo. Pengine ameitwa kwa jina hilo. Mgeni mwenye nia njema akimpa kila mara hadithi ambayo mtu kama yeye yumo ili afe, anamwambia bila kukusudia kwamba Myahudi ni mtu wa kuhurumiwa tu. Nami naamini kwa moyo wote kwamba mvulana wa umri huo ana haki ya kujikuta kitabuni akiwa mwerevu, mtundu, mwoga, shujaa, mwenye njaa ya keki na mwenye hamu ya kushinda, kabla ya kujikuta akiwa mhanga.

Familia zenyewe zilinifundisha kwamba vitabu vya huzuni vina majira yake. Sabato ni siku ya furaha kwa amri; hata aliyefiwa husitisha dalili za nje za maombolezo siku hiyo. Akina mama wengi hawakutaka hadithi za kambi za mauaji zisomwe Sabato, na walishukuru nilipolijua hilo bila kuambiwa tena. Kinyume chake, siku ya Tisha B'Av, ambayo huangukia Julai au Agosti na hukumbuka kuteketezwa kwa mahekalu mawili ya Yerusalemu, hata masomo ya kawaida ya Torati yanazuiwa kwa sababu yanafurahisha moyo, na nyumba nyingi huchagua kusoma habari za Maangamizi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo niliviweka vitabu hivyo mbele; baada yake nilivirudisha mahali pake.

Wakati wake ulipofika, nilichagua kwa uangalifu. Nilimpendelea Uri Orlev, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1931, akaishi gheto na kisha kambi ya Bergen-Belsen akiwa mtoto, na aliyetunukiwa tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1996. Katika The Island on Bird Street mvulana wa miaka 11 anajificha peke yake katika jengo lililobomoka akimngoja baba yake, pamoja na panya mweupe anayemfuga. Anatengeneza ngazi ya kamba, anatafuta chakula, anapanga njia za kutoroka. Msomaji wa kiume wa miaka 11 au 12 anaingia katika jengo hilo na akili yake yote, kwa sababu mvulana anatenda, hangoji kuokolewa. Niliwaeleza wazazi mapema kwamba humo mvulana anamuua askari kwa bastola, ili waamue wao. Kinyume cha hicho, sikumpa mtoto wa Kiyahudi The Boy in the Striped Pajamas cha John Boyne, kilichotoka 2006 na kupendwa sana mashuleni. Shujaa wake ni mtoto wa kamanda wa kambi, na mvulana wa Kiyahudi upande wa pili wa waya amekaa tu, mpole, akingoja rafiki. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalisema hadharani kwamba kitabu hicho kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia hiyo, nami nilikuwa na mahali pa kuegemea wazazi waliponiuliza kwa nini simo katika kundi la wanaokisifu.

Kipo pia kitabu cha Tom Palmer, After the War, kilichochapishwa na Barrington Stoke mwaka 2020, kinachohusu watoto wapatao 300 walionusurika kambini na kuletwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, Agosti 1945. Palmer anajulikana kwa wavulana kwa hadithi zake za mpira wa miguu, kwa hiyo jina lake peke yake lilifungua mlango. Hadithi inaanzia mahali nyingine zinapoishia, watoto wakijifunza tena kula mkate bila kuuficha, kuendesha baiskeli na kuogelea ziwani.

Lakini mvulana yule hakuomba hicho. Aliomba kisicho na kifo, nami jioni ile nilimpa kicheko. Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, ana mkusanyiko uitwao Zlateh the Goat, uliotoka 1966 na picha za Maurice Sendak. Ndani yake wamo wazee wa mji wa Chelm, mji ambao katika ngano za Wayahudi wa Ulaya Mashariki wakazi wake ni wapumbavu wanaojiona wenye hekima kuu. Theluji inaanguka ikimetameta, wazee wanadhani ni lulu na almasi, nao wanaamua kumtuma kijana apige hodi nyumba kwa nyumba kuwakataza watu wasiikanyage. Kisha wanakumbuka kwamba kijana naye ana miguu. Basi wanamkalisha juu ya meza na kuwaweka wanaume wanne waibebe meza hiyo mji mzima. Mimi niliyekuzwa na visa vya Abunuwasi nilijiona niko nyumbani, ingawa Abunuwasi ni mjanja mmoja anayewazidi akili wakubwa, na Chelm ni wakubwa wenyewe wanaojizidi. Mvulana alisoma kisa hicho amesimama, akacheka kwa sauti, akaomba kingine. Kwa wavulana wanaoanza kujifunza namna Talmudi inavyojadili jambo, hoja kwa hoja na pingamizi kwa pingamizi, wazee wa Chelm wana ladha ya pekee: wanabishana kwa utaratibu uleule, ila mwanzo wa hoja umekosewa.

Baada ya kicheko huja vituko. Adam Gidwitz ni mwandishi niliyemtumainia zaidi hapa. The Inquisitor's Tale, kilichotoka 2016, kinahusu watoto watatu wa Ufaransa ya mwaka 1242, mmoja wao Jacob, mvulana wa Kiyahudi mwenye kipaji cha kuponya, na mwingine William, mtawa mdogo mwenye nguvu za ajabu ambaye mama yake alitoka Afrika Kaskazini. Watoto hao wanakabiliana na amri ya kuchoma nakala za Talmudi jijini Paris, tukio lililotokea kweli mwaka huo, mikokoteni kwa mikokoteni ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Kwa mvulana aliyefunguliwa Talmudi kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, hatari ya hadithi hiyo haihitaji maelezo. Na ili asidhani ni somo, limo joka ambalo silaha yake ni ushuzi wenye sumu. Nilikuwa nikiwaonya wazazi wa Kiorthodoksi kwamba miujiza na watakatifu wa Kikristo wamejaa kitabuni. Baadhi walikiacha, baadhi walikisoma pamoja na mtoto na kuzungumza. Kitabu chake kingine, Max in the House of Spies cha mwaka 2024, kimeanzia Berlin na kuja London kwetu: mvulana anayejua kutengeneza redio anatumwa peke yake mwaka 1939 kwa treni za Kindertransport, zilizoleta Uingereza watoto wapatao 10,000 waliowakimbia Wanazi, naye anaazimia kuwa jasusi ili arudi kwa wazazi wake, huku pepo wawili wagomvi wamekaa mabegani mwake wakimpa ushauri mbaya. Wakati ule ni uleule wa rafu iliyomchosha mvulana wangu, lakini Max anapanga, anadanganya, anacheza mizaha na kuwazidi akili watu wazima. Tofauti hiyo ndiyo niliyoitafuta.

Wavulana wengi wa umri huo hukataa kitabu chenye msichana juu ya jalada. Sikushindana nao kwa hotuba. Nilikiacha mezani kitabu cha katuni cha Barry Deutsch, How Mirka Got Her Sword, cha mwaka 2010, ambacho shujaa wake ni msichana wa Kiorthodoksi wa miaka 11 anayetaka upanga apigane na mazimwi, na anayeishi katika kijiji ambacho Sabato, mapishi ya Ijumaa na mabishano na mama wa kambo vimechorwa kwa upendo na usahihi. Upanga ulishinda ubishi wao. Jambo lililowafurahisha, kama walivyoniambia, ni kuona nyumba inayofanana na yao ikitokewa na zimwi, bila mtu kusimama kueleza Sabato ni nini.

Wapo wavulana ambao hadithi za kubuni haziwagusi kabisa, nao wasilazimishwe. Hao niliwapa wasifu. Harry Houdini, aliyejifungua pingu na kutoka katika masanduku yaliyofungwa, alizaliwa Budapest mwaka 1874 akiwa Erik Weisz, mtoto wa rabi. Sid Fleischman, ambaye naye aliwahi kufanya kiinimacho jukwaani, aliandika maisha ya Houdini kwa namna inayomshika mtoto bila kumfundisha uongo. Na kwa mvulana aliyelia kwa sababu mechi za timu yake zilichezwa Jumamosi naye hakuruhusiwa kwenda, nilikuwa na Sandy Koufax, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, aliyekataa kucheza mechi ya kwanza ya fainali za Marekani tarehe 6 Oktoba 1965 kwa kuwa ilikuwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Timu yake ilifungwa siku hiyo; alirudi akacheza baadhi ya mechi zilizofuata, na ya saba, ya kuamua ubingwa, alishinda. Mtoto wa London hajui besiboli, lakini anajua uchungu wa kukosa mechi.

Siku nyingine mvulana aliniuliza kama huko nilikotoka kuna Wayahudi. Nilimwambia kuhusu sinagogi la Nairobi na jumuiya yake iliyoanza 1904. Kuhusu Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, ambao chifu Semei Kakungulu aliwaongoza kuishika dini hiyo mwaka 1919. Na kuhusu mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilipowapa viongozi wa Kizayuni fikra ya kuwapatia ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya, wakaikataa baada ya miaka miwili ya ubishi. Macho yalimtoka. Alitaka kitabu cha hayo, chenye ramani na vituko, nami sikuwa nacho cha umri wake. Tangu hapo niliona pengo jingine: watoto wa Kiyahudi waliomo vitabuni asili yao ni Poland, Ujerumani au New York, ilhali katika mitaa yetu walikuwapo wavulana ambao babu zao walitoka Baghdad, Tehran, Aden na Morocco, baadhi yao wakila wali siku za Pasaka ya Kiyahudi wakati jirani zao wanaukataa. Hao hawajioni katika theluji ya Chelm kwa wepesi, na wanastahili mwandishi wao.

Mzazi aliye mbali na maktaba yenye rafu kama zetu anaweza kuanzia kwenye Tuzo ya Sydney Taylor, inayotolewa na Chama cha Maktaba za Kiyahudi cha Marekani tangu 1968 na yenye kundi maalumu la vitabu vya watoto wakubwa kidogo. Ila asome orodha hiyo akiwa na mvulana wake akilini, kwa sababu tuzo hutolewa na watu wazima. Mpango wa PJ Library, ulioanzishwa Massachusetts mwaka 2005 na Harold Grinspoon kutuma vitabu bure kwa familia zenye watoto wadogo, ulipofikia watoto wa miaka 9 hadi 12 ulibadili utaratibu: mtoto mwenyewe huonyeshwa vitabu vichache, akachagua kimoja. Nilipousikia utaratibu huo nilifurahi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeanza kufanya kwenye meza yangu. Mzazi akishaweka mipaka, nilitandaza vitabu vinne ndani ya mipaka hiyo, kimoja cha kuchekesha, kimoja cha vituko, kimoja cha mambo ya kweli na kimoja nilichokipenda mimi, nikaondoka kwenda kupanga rafu. Mvulana aliyeachiwa dakika tano na vitabu vinne hupima uzito wake, husoma ukurasa wa kwanza, huruka hadi katikati kuona kama kuna vita, na hatimaye huchukua kimoja au viwili. Chaguo langu liliachwa mara nyingi, na mara nyingi liliombwa wiki tatu baadaye, rafiki yake alipokwisha kulisoma Sabato nyumbani kwao na kumsimulia.